Kufuata Vigae: Kutoka Kaole hadi Songo Mnara

Alhamisi, Kaole

Magofu ya pwani yetu yameandikwa sana kwa kuta zake. Fungua kitabu chochote cha historia utaikuta picha ya kibla, ya nguzo ya kaburi, ya kuba la msikiti. Mimi safari hii nafuata vigae vya vyungu, vile vyeusi vyenye masizi ambavyo watu huvikanyaga wakikimbilia kupiga picha ukutani. Kwa upande mmoja ni utafiti wangu wa shahada ya uzamili katika akiolojia. Kwa upande mwingine ni mapenzi, maana hata nikiwa likizo sijui kutembea kwenye njia ya vumbi bila kuangalia kilichojitokeza.

Nimeanzia Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Nilikwenda kwa miguu kabla jua halijakolea. Misikiti miwili imebaki pale, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ishirini na kitu yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Baadhi ya makaburi yana nguzo, na kwenye nguzo utaona mashimo ya duara ambamo bakuli za kauri zilipachikwa. Kila kundi la wageni likifika swali ni lile lile: hizo bakuli zilitoka China kweli? Ndiyo, kauri za China zilifika pwani hii, na ni ushahidi mzito wa biashara ya Bahari ya Hindi. Lakini ukichimba mji wa kale wa Waswahili, kauri za kigeni huwa ni sehemu ndogo tu ya vigae vyote. Vinavyojaza ndoo ni vyungu vya hapa hapa: vya kupikia, vya kuwekea maji, vya kufukizia udi. Anayetaka kujua watu wa humu walipika nini, na mikono yao ilifunzwa na nani, aviulize hivyo.

Mvua ya juzi ilikuwa imeosha njia na vipande vimechomoza. Sichukui kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba au kuondoka na mabaki bila leseni, na hata isingekuwepo, kigae kikishahamishwa hupoteza nusu ya habari zake. Kwa ruhusa ya mtunza magofu nakiinua, nakipima, nakichora, kisha nakirudisha palepale, upande uliokuwa juu ubaki juu. Mkobani nina penseli ngumu, karatasi za miraba, kipimo chenye rangi nyeusi na nyeupe cha kuweka kando ya kitu kwenye picha, lenzi ya mkononi, na chati ya duara. Chati hiyo ni karatasi yenye mizingo ya ukubwa mbalimbali. Unauweka ukingo wa mdomo wa kigae juu yake, unausogeza taratibu mpaka upinde wake ulale sawasawa na mstari mmojawapo, na hapo umejua kinywa cha chungu kizima kilikuwa na upana gani, ingawa mkononi una kipande kisichozidi vidole viwili.

Kipande kilichonikalisha leo kilitoka kwenye chungu chenye kinywa cha sentimita 22. Masizi yalipanda nje hadi begani yakaishia hapo, kwa maana chungu kilikaa kwenye mafiga na moto haukufika shingoni. Ndani hakuna alama ya kuungua. Mpishi huyo aliujua moto wake.

Kabla ya kuondoka nilikwenda hadi kwenye mikoko. Bandari ya zamani ilikuwa upande huo, ikajaa matope, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kukaribia. Shughuli zikahamia Bagamoyo.

Ijumaa, barabara ya kusini

Basi la Kilwa nililipanda Mbagala alfajiri. Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya daraja magari yalingoja kivuko cha Ndundu, na wazee wanaosafiri njia hii bado huvuka wakilitaja.

Bonde la Rufiji lina uzito wake kwangu. Wakulima waliofua chuma waliishi ukanda huu wa pwani na bara yake tangu karne za mwanzo baada ya Kristo, na vyungu vyao vimebaki ardhini. Mwaka 1994 Felix Chami, mwanaakiolojia Mtanzania, alichapisha utafiti wake kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza. Alishughulika na vyungu vyenye urembo wa pembetatu zilizochorwa kwa kijiti udongo ungali mbichi, na akatetea kwamba vina nasaba na vyungu vya hao wafua chuma. Vyungu hivyo vya pembetatu, vya karne ya 7 hadi ya 10 hivi, vinapatikana Lamu, Unguja Ukuu, Chibuene kule Msumbiji, na pia ndani bara. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliichukulia miji ya pwani kama makoloni ya wageni kutoka Ghuba yaliyotua kwenye ufuo uliokuwa karibu mtupu. Vigae vya jikoni ndivyo vilivyoanza kuivunja hoja hiyo, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nikachagua fani hii.

Basini nilikuwa naisoma Tarehe ya Kilwa, masimulizi ya kale ya historia ya mji huo na watawala wake. Nimejijengea mazoea ya kuisoma kila nikielekea kusini. Mreno João de Barros aliingiza muhtasari wake katika kitabu alichochapisha mwaka 1552, na ipo nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London. Inasimulia mwana wa mfalme kutoka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kwa muda mrefu watu waligawanyika pande mbili, wa kuiamini na wa kuitupa. Mwaka 2023 ukatoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Afrika Mashariki enzi za kati na baadaye. Ukaonyesha kuwa kuanzia karibu mwaka 1000 wakazi wengi wa miji waliofanyiwa uchunguzi walikuwa na damu ya Afrika na ya Uajemi pamoja, na kwamba upande wa Afrika ulikuja hasa kwa akina mama. Nilipousoma mara ya kwanza nilivifikiria vyungu. Kwenye jamii nyingi za ukanda huu ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Ikiwa akina mama wa miji ile walikuwa wa hapa, basi si ajabu jikoni kukabaki na mkono wa hapa, hata sebuleni kukiwa na bakuli la kijani la China.

Nangurukuru tulishuka wengi. Jua likizama niko Kilwa Masoko.

Jumamosi, kwa mama mfinyanzi

Leo nimeacha magofu kabisa. Katika kijiji kimoja nje ya Masoko yupo mama anayefinyanga, na niliomba kukaa naye siku nzima. Mimi mwenyewe hufinyanga. Nilianza nikitaka kuelewa alama ninazoziona kwenye vigae, kwamba mfereji fulani umeachwa na kidole au na kombe, na sasa ni shughuli ninayoitafutia nafasi kila mwisho wa juma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayetafuta vyungu vilivyovunjika?"

"Ndiye mimi."

"Basi leo tazama kinavyoanza."

Alichukua bonge la udongo akalisimamisha juu ya kigae kipana cha chungu cha zamani, akalitoboa katikati kwa ngumi. Kisha akaanza kuvuta ukuta juu, mkono mmoja ndani na mwingine nje, huku yeye akizunguka. Chungu kilikaa, aliyezunguka ni mfinyanzi, kiuno kimeinama, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma. Mdomo ulimalizwa kwa jani lililoloweshwa. Tumbo alililainisha kwa kombe, akikwangua kutoka chini kwenda juu, na kila pigo liliacha mikwaruzo myembamba inayolala pamoja. Mikwaruzo hiyo ninayo kwenye michoro yangu mingi, na sasa nimeona mkono unaoitia. Kitako hakigusi siku hiyo. Chungu huachwa kikauke kidogo, kesho kinapinduliwa na kitako kinakwanguliwa hadi kiwe chembamba na cha duara. Ndiyo maana vigae vya kitako vina ukwanguzi wa mwelekeo tofauti na vya tumbo.

Nilimwuliza kuhusu udongo. Anachanganya wa aina mbili, mweusi wa bondeni unaonata na mwingine wenye mchanga kutoka kandokando ya kijito. Mmoja peke yake, alisema, unapasuka motoni. Nikamwuliza kwa nini asitumie mchanga wa pwani, ambao uko karibu zaidi.

"Ule una makombe ndani. Chungu utakitoa motoni kizuri, ukikaa nacho siku mbili tatu kinaota vijicho vyeupe, halafu kinabanduka."

Nimeyasoma hayo maabara kwa lugha nyingine. Vipande vya kombe ni chokaa. Moto ukizidi vinageuka chokaa kali, na baadaye vikinyonya unyevu wa hewani vinavimba na kuubandua udongo. Yeye analijua jambo hilo kwa jicho, na maelezo yake yanatosha.

Kisha akaniuliza swali ambalo limebaki nami tangu hapo. "Sasa hao wa kisiwani, kule ni jiwe tupu na mchanga wa makombe. Udongo wa vyungu walikuwa wanautoa wapi?"

Tulichoma jioni, vyungu vimepangwa kifudifudi juu ya kuni, vimefunikwa kwa makumbi na makuti makavu. Hakuna tanuri. Palipokosa hewa chungu kilitoka na doa jeusi, palipopata hewa kikawa chekundu. Chungu kimoja, rangi mbili.

Jumapili, Kilwa Kisiwani

Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni mfupi, mashua ya tanga ilituvusha upepo ukiwa nyuma yetu. Unapokaribia, Gereza ndilo linalokupokea. Wareno walijenga ngome hapa mwaka 1505 walipouteka mji, ila jengo la sasa kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani. Nililipita.

Msikiti Mkuu haupitiki haraka. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ile ya kusini, pana, ya kuba na matao, iliongezwa karne ya 14. Kuta ni matumbawe magumu ya nchi kavu yaliyoungwa kwa chokaa. Palipotakiwa nakshi mafundi walitumia matumbawe ya baharini, ambayo yakiwa mabichi huchongeka kwa urahisi na yakikauka hukaa karne na karne. Uzuri huo wote nauheshimu, na daftari langu la michoro lina kurasa za kibla na matao ninazozichora kwa raha yangu tu, bila kipimo, nikikaa kivulini. Lakini kazi ya leo ilikuwa ufukweni.

Kuna mahali mawimbi yamekata ukingo, na ukisimama mchangani unaona matabaka ya mji yamejipanga mbele yako. Juu kifusi cha matumbawe na chokaa. Chini yake udongo mweusi wenye makombe, mifupa ya samaki na vigae. Bahari inaendelea kula. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na vikaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko. Hatari imepungua. Ukingo huu bado hunyofoka kila bamvua.

Sikuchokonoa chochote. Nilichora ukingo kwa urefu wa hatua kadhaa, nikapiga picha, kisha nikapiga magoti kwenye vigae vilivyokwisha kuanguka. Kwenye sehemu mbichi ya mvunjiko, chini ya lenzi, udongo hujieleza. Nilitafuta vipande vyeupe vya kombe. Kigae baada ya kigae niliona chembe za mchanga wa kwazi (quartz), zinazong'aa, zenye kona. Kombe kidogo sana.

Hapo swali la mama likanirudia kwa nguvu. Lenzi ya mkononi haitoshi kusema udongo ulitoka ng'ambo. Mchanga wa kwazi unaweza kuwepo kisiwani pia mahali fulani. Lakini wafinyanzi wa vyungu hivi walifuata kanuni ile ile niliyoisikia jana, na waliifuata kwa bidii.

Jambo jingine ambalo nataka lijulikane zaidi kuhusu Kisiwani ni shanga. Mwanaakiolojia Chittick, aliyechimba hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya 1960 na kuchapisha matokeo mwaka 1974, alikuta kwenye matabaka ya chini vigae vingi vyenye mifereji. Ni visagio vilivyotengenezwa kutokana na vyungu vilivyovunjika: watu walipitisha humo vipande vya kombe hadi vikawa shanga za duara. Kabla ya Msikiti Mkuu na kabla ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kule Msumbiji, kisiwa hiki kilikuwa na watu walioketi wakisaga shanga kwenye kigae cha chungu cha jikoni.

Jumatatu, Husuni Kubwa

Nimelala kisiwani. Asubuhi Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogelea lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumsifu sultani huyo kwa ukarimu. Jengo halikukamilika.

Ukipima vyumba vya nyumba za mawe za pwani utaona ni virefu na vyembamba. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi urefu wake. Fundi aliweza kukupa chumba kirefu kadiri ya mfuko wako, upana uliamuliwa na mti.

Kwa vyungu, Husuni imetoa jina. Chittick alilitumia kuviita vyungu vya karne ya 14 vyenye urembo ulioinuka mwilini. Nilipata kipande kimoja tu cha namna hiyo nje ya ukuta. Nilikichora mara mbili, ubavuni na usoni, na jua likanifukuza.

Jumanne, Songo Mnara

Nahodha alitaka tuondoke mapema ili tuwahi maji kujaa, kwani kuingia Songo Mnara ni kupitia mikoko na maji yakipwa unabaki kwenye tope. Tuliingia kwa upondo, mashine imezimwa, matawi yakikwaruza ubavu wa mashua.

Huu ndio mji ninaoupenda kuliko yote. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16, kwa hiyo haukurundikiwa miji mingine juu yake. Nyumba za mawe zimesimama kwa makundi, zina ua wa ndani, baraza, vidaka ukutani. Unaweza kuingia mlangoni, ukapita barazani, ukafika chumba cha ndani kabisa kwa mpangilio ule ule uliokusudiwa na mwenyewe. Misikiti sita. Katikati, uwanja wazi wenye makaburi.

Kuanzia mwaka 2009 wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliongoza uchimbaji hapa, na mbinu zao ndizo zilizonifunza kuuliza maswali. Walipima kemikali za sakafu ili kujua wapi palipikwa na wapi palikaliwa. Walipima usumaku wa ardhi kwenye sehemu zilizoonekana tupu, na chini ya nyasi wakakuta nyumba za miti na udongo. Tafadhali lishike hilo. Mji tuliouita mji wa mawe ulikuwa pia mji wa udongo, na nyumba hizo hazionekani kwa mgeni anayetembea na kamera. Uwanja nao haukuwa mtupu: kwenye makaburi watu waliacha kokoto nyeupe na sarafu.

Sarafu za Kilwa zinastahili safari yao. Ni za shaba, ndogo, unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole gumba. Upande mmoja jina la sultani, upande mwingine sifa ya Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande mbili yana vina, kwa hiyo ukiigeuza mkononi unamaliza mstari wa shairi. Zaidi ya sarafu 300 zilipatikana pamoja hapa Songo Mnara kama akiba iliyofukiwa. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na jinsi zilivyofika huko bado ni mjadala. Mradi wangu wa pembeni, ninaoufanya usiku nikichoka na tasnifu, ni ramani ya kila mahali sarafu hizi zimechapishwa kuwa zimepatikana. Nitaitoa bure ikikamilika, kwa Kiswahili, ili mwalimu wa historia aweze kuibandika ukutani.

Nilikuwa nikitoka kwenye nyumba moja ya kaskazini nilipoona, penye mizizi, kiduara cha kigae. Ukubwa wa kizibo cha chupa. Kilichongwa kutoka tumbo la chungu, kingo zimesagwa hadi laini, na katikati tundu lililotobolewa kutoka pande zote mbili hadi matobo yakakutana, kwa kuwa ndani ya tundu palikuwa na kiuno. Ni uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Upande mmoja masizi yalikuwa bado yapo. Kwa hiyo kitu hiki kiliwahi kupika, kikavunjika, mtu akakichagua miongoni mwa vigae, akakaa akakisaga, akasokota nacho nyuzi. Niliweka kipimo kando yake, nikapiga picha za pande zote, nikatazama mvunjiko kwa lenzi. Kwazi tena, chembe zenye kona, na hakuna kombe. Nikakirudisha kwenye mizizi na kuandika mahali pake kwa ajili ya ofisi inayosimamia magofu.

Nahodha aliniita mara tatu. Maji yalikuwa yameanza kupwa.

Jumatano, Masoko

Mvua kutwa. Nimepanga picha. Kila kigae nimekipiga picha nyingi kwa kuzunguka, zikilaliana, na programu itazishona kuwa umbo la pande tatu ambalo mtu anaweza kuligeuza kwenye simu. Mbinu hii inaitwa fotogrametria. Kwa majengo kazi kubwa imeshafanyika, kwani Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town iliyapima magofu ya Kilwa na Songo Mnara kwa leza. Kwa vyungu vya jikoni sijaona mtu aliyejishughulisha kwa kiasi hicho, na nadhani vinastahili.

Alhamisi, Kilwa Kivinje

Kivinje ni mji wa karne ya 19, wa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na baadaye wa boma la Wajerumani. Katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 watu walinyongwa hapa, na mahali pake panajulikana kwa jina la Mwembe Kinyonga. Nilisimama pale kidogo kabla ya kwenda pwani.

Ufukweni mashua moja ilikuwa ikipakia mizigo ya visiwani: unga, madumu, mabati, na vyungu. Vyungu vya kufinyanga kwa mkono, vipya. Vijana walivipanga kifudifudi sakafuni mwa mashua, makumbi katikati ili visigongane. Viwili vilikuwa vimepata ufa kabla havijapakiwa na vikatupwa palepale mchangani. Nilimwuliza mwenye mzigo kama hutokea mara nyingi.

"Kila safari. Hapa viwili, kule tukishusha vitatu, vinne. Vikishavunjika nani avibebe? Vinabaki pwani."

Nikaketi kwenye gogo nikafungua michoro ya Jumapili. Chungu kilichovunjika safarini hakijawahi kuona mafiga. Vigae vyake vitakuwa na doa jeusi la kuchomewa, lakini havitakuwa na masizi ya jikoni yanayopanda hadi begani. Kama vyungu vya Kisiwani vilikuja kwa vyombo kutoka bara, basi kwenye diko la zamani, pale vyombo vilipofikia, vigae visivyo na masizi vinapaswa kuwa vingi, na kadiri unavyoingia ndani ya mji vipungue. Kama vilifinyangwa kisiwani, tofauti hiyo isionekane. Swali la mama sasa lina njia ya kujibiwa bila kuchimba hata koleo moja, kwa kuhesabu tu vilivyo juu ya ardhi, kwa ruhusa, ufukweni na ndani.

Kwenye michoro ya ukingo nilikuwa nimeandika masizi pale tu nilipoyaona, kwa herufi ndogo pembeni. Vigae vya mdomo vilivyo karibu na maji, vingi havina herufi hiyo. Ni vichache mno kusimamisha hoja. Nimeandika barua ya kuomba kurudi na karatasi za kuhesabia, pamoja na ombi la pili, la kukata vipande vyembamba vya vigae kutoka kwenye makusanyo ya zamani ili vitazamwe kwa hadubini kando ya udongo wa bondeni na mchanga wa kijito alionipa mama. Zote mbili zinaondoka na basi la kesho.